Blogu ya Msanii: Majibu kwa Wachoraji na Wachongaji

Barua zilizofika kwenye safu hii mwezi huu zimefanana kiasi kwamba tumeona ni vyema kuzijibu pamoja. Zimetoka kwa watu wanaoishi kwa kazi ya mikono yao, na zote zinauliza namna ya kutumia blogu kuonyesha na kuuza kazi hizo bila kumtegemea mwenye duka peke yake. Barua tumezifupisha, na majina tumeyaacha kwa ombi la walioandika.

SWALI: Mhariri, salamu. Mimi ni mchoraji wa Tingatinga, kazi zangu nazifanyia Msasani, Dar es Salaam. Nauza kupitia maduka mawili ya vinyago, na mwenye duka ndiye anayemjua mnunuzi; mimi napewa changu, basi. Mwanangu ananihimiza nifungue blogu ili wateja wa nje wanifikie moja kwa moja. Sina kompyuta, nina simu. Wenzangu wanasema blogu zimepitwa na wakati na kwamba Instagram inatosha. Nianzie wapi, niandike nini, na je, kuna sheria ya kufuata? (Mchoraji, Msasani)

JIBU: Mzee wetu, tuanze na hao wenzako, kwa sababu hoja yao ina ukweli nusu. Ni kweli kwamba mtu wa leo huiona picha yako kwanza Instagram au WhatsApp, na hakuna sababu ya kuziacha njia hizo. Lakini kuonekana ni jambo moja na kuaminiwa ni jingine. Mnunuzi aliye mbali, ambaye hawezi kuigusa picha wala kukutazama usoni, hatoi fedha mpaka aridhike kwamba wewe upo, kwamba kazi ni ya mkono wako, na kwamba ulichomwonyesha ndicho utakachomtumia. Kwenye mitandao ya kijamii picha ya mwaka juzi huzama chini ya nyingine mia, na ukurasa wenyewe si mali yako: watu waliojijengea hadhira Google+ kwa miaka walishuhudia mtandao mzima ukifungwa mwezi Aprili 2019 na yaliyokuwamo yakifutwa. Blogu nayo inaweza kufungwa na mwenye jukwaa, ila inakuruhusu kupakua nakala ya kila ulichoandika na kuihamishia kwingine, na kila kazi ndani yake hubaki na anwani yake ambayo mtu anaweza kuifikia kwa kuitafuta Google hata baada ya miaka mitano.

Kwa mchoraji wa Tingatinga haja hiyo ni kubwa zaidi kuliko kwa msanii mwingine. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akitumia rangi za mafuta za kawaida za dukani juu ya vipande vya hadibodi, aghalabu vya sentimita 60 kwa 60, na kuziuza Oyster Bay. Alifariki mwaka 1972 baada ya kupigwa risasi kimakosa na polisi, akiwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka michache tu. Ndugu na wanafunzi wake waliuendeleza mtindo wake, ushirika wao ukasajiliwa mwaka 1990, na tangu hapo wanyama wale wale wamechorwa na mikono mingi sana chini ya jina moja. Hilo ndilo tatizo lako la kibiashara. Mgeni akitafuta tembo wa Tingatinga anaonyeshwa tembo wasio na idadi, wengine wakiwa wamenakiliwa mstari kwa mstari, na hana njia ya kujua yupi ni wako. Jina Tingatinga halikutofautishi na jirani yako wa kibanda cha pili. Kinachoweza kukutofautisha ni kumbukumbu ya kazi zako, yenye tarehe, ambayo haiwezi kutungwa kwa usiku mmoja.

Kwa sababu hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba uichukulie blogu kama daftari la kazi zako. Ipe kila picha namba, tuseme 2025/14, uiandike kwa kalamu isiyofutika nyuma ya kitambaa pamoja na jina lako kamili, jina la picha, vipimo na mwezi ulipoimaliza. Ipige picha mbele, nyuma, na sehemu moja kwa karibu ili brashi ionekane, kisha uziweke zote tatu kwenye ukurasa mmoja wa blogu wenye namba ile ile. Picha ikiuzwa usiifute; andika tu kwamba imeuzwa, na mwaka. Wachoraji wengi hufuta zilizouzwa wakiogopa kuwakatisha tamaa wateja, na kwa kufanya hivyo hujinyima ushahidi pekee walio nao kwamba kuna watu wengine waliowahi kuwaamini kwa fedha zao. Zaidi ya hapo, aliyenunua kazi yako leo anaweza kutaka kuiuza au kuirithisha baada ya miaka ishirini, na ukurasa huo utakuwa hati yake.

Kuhusu maneno, hapa ndipo blogu nyingi za wasanii wetu zinapofia. Chini ya picha utakuta “Picha nzuri ya twiga, karibuni wateja”, namba ya simu, basi. Kwamba ni twiga mnunuzi anajionea mwenyewe, na uzuri ni yeye wa kuuamua. Asichokiona ndicho unachopaswa kumwambia: umeanza na nini, usuli, yaani rangi ya nyuma ya picha, uliuacha ukauke kwa muda gani kabla wanyama hawajaingia, kwa nini ndege amekaa pale alipokaa, ulijifunza kwa nani. Maelezo ya kutosha yanaweza kuwa mafupi kama haya: “Namba 2025/14, Nyati na Yangeyange. Rangi ya mafuta juu ya kitambaa, sentimita 60 kwa 80, Machi 2025. Yangeyange humfuata nyati kwa ajili ya wadudu wanaoruka anapokanyaga majani. Nimewaweka wawili mgongoni na wa tatu chini, mbele ya mdomo, kwa sababu huyo wa chini ndiye anayeshiba.” Mtu akisoma hayo anajua kwamba aliyechora amewahi kumtazama nyati, wala hakunakili kalenda.

Andika kwa Kiswahili kwanza, kama unavyozungumza, kisha umtafute mtu anayekijua Kiingereza vizuri akuwekee tafsiri chini yake. Tafsiri ya programu ya simu isomwe na binadamu kabla haijachapishwa, kwani programu hizo huwageuza mashetani wa hadithi zetu kuwa Ibilisi wa kanisani na kumtisha mteja bure. Jina la picha libaki la Kiswahili. Tingatinga ina wapenzi wa muda mrefu Denmark na Japani, na kwao jina la Kiswahili ni sehemu ya wanachokipenda.

Simu inatosha kabisa kwa upigaji picha, ila rangi ya mafuta hung'aa na hurudisha mwanga kama kioo, kwa hiyo kuwa mwangalifu kuliko mwenzako anayechora kwa akriliki, yaani rangi ya kuchanganywa na maji. Itoe picha nje asubuhi, uiweke kivulini mahali penye mwanga wa kutosha, zima mwanga wa simu, simama mbele yake sawasawa, simu ikiwa kimo kimoja na katikati ya picha, ili pembe nne zisipinde. Ukiona doa jeupe la mwanga, usijaribu kulifuta kwa programu; igeuze picha kidogo mpaka doa litoke. Usiongeze ukali wa rangi, maana mnunuzi atakayepokea nyekundu iliyofifia kuliko aliyoiona ana haki ya kurudisha mzigo. Kabla ya kupandisha, punguza ukubwa hadi kama pikseli 1,500 kwa upande mrefu. Ukurasa hautakula bando la msomaji, na nakala kubwa itabaki kwako, jambo ambalo msomaji wa mwisho katika safu hii ataona umuhimu wake.

Jukwaa lenyewe si jambo la kukuumiza kichwa. Blogger na WordPress zote zinakuruhusu kuanza bure na zote zinafanya kazi kwenye simu. Blogger ni rahisi zaidi kwa anayeanza, WordPress ina nafasi zaidi ya kupanua. Issa Michuzi, mpiga picha, alipoanza blogu yake mwaka 2005 vifaa vilikuwa duni kuliko simu uliyonayo mfukoni, na ikawa moja ya blogu zinazojulikana sana nchini, kwa sababu alikuwa na kamera kila mahali na hakuacha kupandisha picha. Baadaye, ukiona kazi inakwenda, lipia jina lako mwenyewe linaloishia na .co.tz kupitia wakala aliyesajiliwa. Neno moja tu la tahadhari: barua pepe inayomiliki blogu iwe yako, na nenosiri ulijue wewe. Mwanao akusaidie, lakini blogu iliyofunguliwa kwa barua pepe ya kijana hupotea siku kijana anapobadili simu au anapogombana na mzee wake, na mambo hayo yote mawili hutokea.

Sheria ipo, na usiipuuze. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu nchini Tanzania wapate leseni kutoka TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kwa ada ambazo kwa jumla zilipindukia shilingi milioni mbili, na blogu kadhaa zilisimama kwa sababu hiyo. Kanuni hizo ziliandikwa upya mwaka 2020 na kurekebishwa tena mwaka 2022, kwa hiyo usitegemee ulichosikia kijiweni. Iandikie TCRA barua fupi ukieleza kwamba ukurasa wako utaonyesha na kuuza kazi zako mwenyewe na hautachapisha habari, uulize kama unahitaji leseni, kisha uhifadhi jibu lao. Usajili wa BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) kama msanii na namba ya mlipakodi ya TRA utavihitaji siku yoyote ukitaka kuuza kwa taasisi au kufungua akaunti ya biashara, basi ni afadhali uvitafute mapema.

Mwisho, usijipangie kuandika kila siku. Andika kila unapomaliza kazi.

SWALI: Mimi ni binti wa miaka 27, nachora kwa akriliki, naishi Arusha. Nina blogu tangu mwaka jana, inasomwa lakini haiuzi. Bei siweki. Watu wananiandikia kuuliza bei, nikiwajibu wananyamaza. Sasa kuna mmoja anayesema yuko Marekani, anataka picha tatu kwa mpigo. Anasema atatuma hundi yenye fedha zaidi ya bei ili kiasi kinachozidi nimlipe msafirishaji wake. Kazi zangu nyingine ziko kwenye nyumba ya sanaa hapa mjini. Niendelee naye? (Mchoraji, Arusha)

JIBU: Dada, usiendelee naye hata kwa barua moja zaidi. Huo ni wizi unaojulikana sana miongoni mwa wasanii wanaouza kwa intaneti, na hufuata njia ile ile kila mara: mnunuzi mwenye haraka, asiyeuliza lolote kuhusu picha yenyewe, anayetaka nyingi kwa wakati mmoja, ana hadithi ya mke anayemwandalia zawadi au ya kuhama nyumba, na ana msafirishaji wake mwenyewe. Hundi hufika, benki huweza kuiingiza kwenye akaunti kabla haijathibitishwa na benki iliyoitoa, nawe unamtumia “msafirishaji” kile kilichozidi kwa fedha zako halali. Baada ya wiki kadhaa hundi hurudi kuwa ni bandia na benki inakudai wewe. Picha mara nyingi hata hazichukuliwi, maana hazikuwa shabaha. Shika kanuni moja usiyoivunja kwa mtu yeyote: mnunuzi analipa bei na gharama ya usafiri, msafirishaji unamchagua wewe, na mzigo hautoki nyumbani mpaka fedha zimeingia na benki imekuhakikishia kwamba haziwezi kurudishwa.

Sasa turudi kwenye bei. Wanaonyamaza si lazima wawe wameiona kubwa. Wengi wao hawakuwa na nia ya kununua, na walio na nia waliona aibu kuuliza, wakaondoka. Bei iliyofichwa humfanya mgeni ahisi kwamba atapimwa kwa nguo alizovaa, kama inavyotokea kwenye maduka ya kitalii ya mji wenu. Iandike wazi, chini ya vipimo, na kando yake uandike gharama ya kutuma ndani ya Afrika Mashariki, Ulaya na Amerika, hata kama ni makadirio.

Bei yenyewe isipingane na ile ya nyumba ya sanaa. Tuseme wao wanaiuza picha kwa shilingi 400,000 na kuchukua asilimia 40. Wewe unabaki na 240,000. Kishawishi ni kuandika 240,000 kwenye blogu, kwa kuwa ndicho ulichozoea kupata. Ukifanya hivyo umemfanya mwenye nyumba ya sanaa aonekane mwongo mbele ya wateja wake, naye atakurudishia picha zako wiki hiyo hiyo, tena kwa haki. Andika 400,000. Zile 160,000 zinazobaki kwako si faida ya bure. Ni malipo ya kazi aliyokuwa akiifanya yeye, yaani kupiga picha, kujibu barua usiku, kufungasha na kwenda posta. Atakayekaa kwenye blogu yako kwa muda ataona pia kwamba bei zako ni moja kila mahali, na huo ni ushahidi mwingine wa uaminifu.

Kuhusu sarafu, tangu mwaka 2025 kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zinakataza kutangaza kwa dola bei za bidhaa na huduma zinazouzwa ndani ya Tanzania. Andika shilingi. Mgeni ana simu ya kubadilishia. Wateja wa ndani na jirani wanaweza kukulipa kwa simu, na wa mbali kwa uhamisho wa benki au kwa kampuni za kutuma fedha. Ukifikiria PayPal, hakikisha kwanza kwamba akaunti iliyofunguliwa Tanzania inaruhusiwa kupokea fedha, maana kuruhusiwa kulipa hakukusaidii wewe muuzaji. Kwa kazi ya kuagizwa, chukua nusu kabla hujagusa brashi.

Kitambaa kikitumwa nje hukunjwa kwa mviringo, upande wenye rangi ukiwa nje, juu ya karatasi isiyonata, ndani ya bomba pana la plastiki. Sentimita 10 za kipenyo ni kiasi cha chini. Akriliki hunata ikibanwa kwenye joto, kwa hiyo usiruke karatasi hiyo, na usikunje kazi iliyokamilika juzi. Kwenye fomu ya forodha andika kwamba ni picha iliyochorwa kwa mkono, bei yake halisi, na jina la aliyeichora. Mnunuzi akikuomba uandike bei ndogo ili akwepe kodi, mkatalie kwa upole: mzigo ukipotea, bei uliyoiandika ndiyo itakayoangaliwa kwenye fidia. Wateja wa Umoja wa Ulaya waambie mapema kwamba tangu tarehe 1 Julai 2021 msamaha wa VAT kwa vifurushi vidogo umeondolewa, kwa hiyo wataombwa kulipa huko kwao. Asiyeambiwa hudhani umemlaghai, hukataa kupokea, na mzigo hurudi kwa gharama yako.

SWALI: Sisi ni ndugu wawili wachongaji wa vinyago vya mpingo, tupo Mtwara. Tumefungua blogu, mteja wa Ujerumani anataka kinyago cha ujamaa, lakini tumeambiwa mpingo umepigwa marufuku kimataifa. Je, ni kweli? Na tutamfanyaje mteja aamini kwamba ni mpingo wa kweli? (Wachongaji, Mtwara)

JIBU: Ndugu zetu, haujapigwa marufuku. Umewekewa utaratibu. Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe na mimea iliyo hatarini, uliingiza jamii nzima ya miti ya Dalbergia, ambayo mpingo ni mmoja wao, kwenye Kiambatisho cha Pili kuanzia Januari 2017. Biashara ya miti ya kundi hilo inaruhusiwa ila kwa kibali. Mwishoni mwa mwaka 2019 masharti yalilegezwa: bidhaa zilizokamilika zinasamehewa kibali cha CITES iwapo uzito wa mti huo ndani ya shehena moja hauzidi kilo 10.

Kilo 10 zinasikika nyingi mpaka mtu aupime mpingo. Mti huu ni mzito kuliko maji na huzama. Gogo la sentimita 10 kwa 10, lenye urefu wa sentimita 40, hukaribia kilo tano kabla ya kuchongwa. Kinyago cha ujamaa, chenye watu waliopandana kutoka shina moja, kikizidi urefu wa goti kinaweza kuvuka kiwango hicho kwa urahisi. Kwa hiyo pimeni kila kinyago kwa mizani na mwandike kilo zake kwenye blogu kando ya vipimo. Mteja ataweza kukadiria nauli, nanyi mtajua mapema ni kipi kinachohitaji kibali. Msamaha huo ni wa CITES peke yake. Taratibu za ndani za mazao ya misitu zinabaki palepale, kwa hiyo nendeni kwenye ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu wa Tanzania iliyo karibu nanyi mkaulize kinachohitajika, na mtunze stakabadhi za mahali mlikonunua gogo.

Swali lenu la pili ndilo lililonifurahisha, kwa sababu blogu inalijibu vizuri kuliko duka lolote. Watalii wengi wamekwisha kuuziwa mti mwepesi uliopakwa rangi ya viatu, na habari hizo zimefika Ujerumani zamani. Msiseme “mpingo halisi”; hata mwenye rangi ya viatu husema hivyo. Waonyesheni. Pigeni picha gogo kabla halijachongwa, likiwa na ganda na ule utepe wa mti mweupe unaouzunguka moyo mweusi. Pigeni nyingine kazi ikiwa nusu, vibanzi vya tezo vikiwa chini, na ya mwisho ya kitako kisichong'arishwa. Mkiacha sehemu ndogo ya weupe ionekane kwenye kinyago chenyewe, kama wachongaji wengi wanavyofanya, mteja anakuwa na uthibitisho mkononi mwake. Mfululizo wa picha tatu au nne za kinyago kimoja una thamani kuliko picha ishirini za vinyago vilivyopangwa rafuni.

Mwambieni mteja jambo jingine ambalo wauzaji hulinyamazia: mpingo uliochongwa ukiwa bado na maji hupasuka ukifika kwenye nyumba zenye vipasha joto. Andikeni gogo lilikaa kivulini kwa muda gani, na kwamba kinyago kisiwekwe karibu na kipasha joto wala dirishani penye jua kali. Ufa mwembamba ukitokea baada ya hapo, mteja atakumbuka kwamba mlimweleza.

SWALI: Nachora picha za majahazi na milango ya Mji wa Kale, Mombasa, na kuzionyesha kwenye blogu. Nimezikuta picha zangu mbili kwenye ukurasa wa mtu anayeuza fulana. Aliponunua picha moja kwangu, anadai, alinunua na haki zake zote. Je, ana haki? (Mchoraji, Mombasa)

JIBU: Hapana. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kama ilivyo sheria ya Tanzania ya mwaka 1999, humpa msanii haki juu ya kazi yake kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, na kununua kitambaa chenye picha si kununua haki ya kuichapa. Haki hiyo huhamishwa kwa maandishi. Kama hamkuandikiana, aliyonayo yeye ni picha ya kutundika ukutani. Jahazi lenyewe na mlango wenyewe si mali yako, na mtindo wako pia haulindwi. Mwingine akisimama pale ulipokaa na kuuchora mlango ule ule kwa mkono wake hujadhulumiwa. Kilicho chako ni mchoro ulioufanya wewe.

Kabla hujamwandikia, kusanya ushahidi. Piga picha za kurasa zake zikionyesha tarehe na anwani, kisha uziweke pamoja na ukurasa wa blogu yako wenye tarehe ya mwanzo na ile nakala kubwa ya picha ambayo hukuipandisha, kwa kuwa mwenye nakala ndogo iliyochukuliwa kwenye intaneti hawezi kuitoa. Mwandikie barua moja yenye adabu ukimtaka aondoe picha au alipie leseni, na umtajie kiasi. Wengine hulipa, na mteja wa leseni ni mteja. Akikataa, marekebisho ya sheria yaliyofanyika Kenya mwaka 2019 yameweka utaratibu wa kumtaka mtoa huduma wa mtandao aondoe kazi iliyotumiwa bila idhini, na majukwaa makubwa ya Marekani yana fomu za malalamiko ya namna hiyo kwa mujibu wa sheria yao ya mwaka 1998. KECOBO, yaani bodi ya hakimiliki ya Kenya, ndiyo ofisi ya kupeleka shauri lako iwapo fulana zinaendelea kuuzwa. Kuanzia sasa, chini ya kila picha unayoiuza kwenye blogu, na kwenye kila risiti unayotoa, andika sentensi moja: mnunuzi anapata kazi hii, haki ya kuinakili inabaki kwa mchoraji.